Mchele wa Matanga

Mama yangu nilimkataza kusema "nisamehe" kwenye simu. Nilimkataza kwa ukali, mbele ya wajukuu wake, wala sikuona haya. Simu za jela huanza na sauti ya mashine, ya kike, tulivu, inayokwambia kuwa kila utakalosema linarekodiwa. Baada ya hapo ndipo unamsikia ndugu yako akitoa salamu. Na mama, kama mama yeyote wa Mombasa anayeagana na mwanawe bila kujua kama watasikizana tena, humaliza kwa maneno yale yale: "Nisamehe mwanangu, nami nimekusamehe, tuwiane radhi." Nilikuwa nikimnyang'anya simu kabla hajafika hapo.

"Ewe, una wazimu?" aliniuliza siku ya kwanza. "Mtu haagani na mwanawe?"

"Aga, mama. Lakini neno hilo usilitamke. Nchi hii neno hilo lafunga watu."

Wala sikuwa nafanya mzaha. Lilimfunga kitinda mimba wetu.

Ndugu yangu alikuwa akikaa Houston, mtaa wa Gulfton, kwenye majengo ya fleti ambayo mlango huu ni wa Mkongo, ule wa Mwafghani, wa tatu wa mtu wa Honduras, na pakingi ni vita vya kila siku. Kazi yake ilikuwa kuendesha gari la kupeleka wagonjwa hospitali. Mimi na mama tuko Irving, huku upande wa Dallas, nami nafanya kazi Plano, kwenye nyumba ya kutunza wazee. Juu ya fleti yake waliishi mume na mke, Wakongo kutoka Bukavu, watu wa kanisa. Yule mke akipika sombe, kisamvu chao cha majani ya muhogo, humpelekea bakuli. Ndugu yangu akikaanga mahamri Jumapili huwapandishia. Walikuwa majirani wa kweli.

Jioni moja yule mume aligombana na mpangaji mgeni juu ya mahali pa kuegesha gari. Ugomvi ukapanda mpaka kwenye ngazi za chuma. Ndugu yangu akatoka mbio kuwaamua, akamshika jirani yake mkono, na yule mgeni akasukuma. Jirani akaanguka ngazi nzima na kichwa kikapiga saruji. Mgeni akaondoka na gari lake na mpaka leo hajaonekana. Ndugu yangu ndiye aliyebaki pale, ameketi chini na kichwa cha yule mtu mapajani, mpaka ambulansi ikaja. Jirani hakupona. Waliokuwa juu roshani walisema waliona wanaume wameshikana, kisha mmoja akaanguka. Nani alisukuma, hakuna aliyeweza kuapa. Polisi walimhoji ndugu yangu, wakamwacha aende zake.

Mama akampigia simu kutoka Irving. "Umekwenda matangani?"

"Nitakwenda kesho, mama."

"Usiende mikono mitupu."

Akaenda na gunia la mchele, mkebe wa samli na sukari. Akamkuta mjane ameketi godorani, wanawake wa kanisani wamemzunguka. Akapiga magoti mbele yake, akamshika mkono, akalia kama mtoto. "Nisameheni. Nisameheni, mniwie radhi."

Sasa wewe msomaji wangu wa pwani hapo huhitaji kuelezwa. Aliyekuwa na marehemu mwisho ndiye wa kwanza kuomba radhi. Jirani aliyewahi kumpigia kelele huomba radhi. Aliyemwosha maiti huomba radhi. Ukiona mtu ameingia matangani na hakuomba, huyo ndiye wa kumtazama mara mbili. Na hapo Wakongo na sisi ni wamoja. Mjane alimwinua, mchele ukapokewa, ukaingia jikoni, ukapikwa siku ile ile na waliokuwepo wakaula.

Mtu mmoja pale ndani alikuwa akichukua video ili jamaa walioko Bukavu waone kuwa ndugu yao anaombolezwa kwa heshima. Sote twafanya hivyo. Video ikapita simu hii na ile, ikafika kwa mpelelezi. Wiki ile ile wakaja kumchukua ndugu yangu.

Nilikuwepo mahakamani. Mwendesha mashtaka aliionyesha ile video mara ya kwanza, akaionyesha tena, akaisimamisha pale ndugu yangu alipopiga magoti. Tafsiri iliandikwa chini ya picha na ilikuwa sahihi kabisa, hakuna neno walilokosea, na hilo ndilo lililoniumiza. Akawageukia wale raia kumi na wawili wa baraza, wanaoamua kama mtu ana hatia, akawauliza: mtu asiye na hatia anapiga magoti kwa ajili gani? Anambebea mjane gunia la chakula kwa ajili gani? Yarabi! Nilitazama nyuso zao, nikaona kila mmoja ameshajijibu. Wakili aliyepewa na jimbo alikuwa akipekua faili lake. Hakumwita shehe, hakumwita mzee yeyote wa kueleza desturi. Mjane alikuwa ameketi nyuma yetu kwa siku zote zile, amevaa nguo nyeusi, na hakuna aliyemuuliza hata swali moja: je, mchele ule uliula?

Ndugu yangu akapewa kifungo ambacho kikiisha, kwa hesabu yoyote utakayopiga, mama hatakuwepo. Tangu siku hiyo sisi tulikuwa tunaomba jambo moja tu, mama amshike mwanawe akiwa mtu huru kabla hajafa.

Rufaa ikashindwa. Likabaki ombi la kuiambia mahakama ya jimbo kuwa wakili wake hakumtetea, na ombi hilo mfungwa huliandika mwenyewe asipokuwa na pesa. Ndugu yangu aliliandika kwenye maktaba ya jela, kwa mkono, akisaidiwa na mfungwa mzee aliyejua mambo hayo. Mimi niliendesha gari kutoka Irving mpaka kule jela, kaskazini mwa Houston, nikaketi mbele ya kioo, nikashika kile kisimu chao. Nikamwambia, "Mtie mjane kwenye ombi. Mwambie aandike kuwa aliula ule mchele. Mtu hali chakula cha aliyemuulia mumewe, hata hawa Wazungu watalielewa hilo."

Akatikisa kichwa. "Dada, siwezi."

"Huwezi nini?"

"Nilimpelekea matanga. Nitamfuata leo nimwambie ule mchele niliokupa, sasa nilipe?"

"Si kulipa! Ni kusema kweli!"

"Kwake yeye itakuwa kulipa. Mwanamke amefiwa, analea peke yake. Haifai, dada."

Niliporudi nyumbani nikamshtakia mama, nikidhani atanisaidia. "Amesema kweli," akasema. "Kitu cha matanga hakidaiwi. Uungwana ni vitendo."

Niliwaka. Nikamwambia uungwana wake utamzika mwanawe akiwa hai. Nikabamiza mlango, nikaenda kukaa garini, nikalia. Lakini mwenye kesi ni mwenye kesi, na mama ni mama. Ombi likaenda bila mjane, na jimbo likajibu kwa mistari miwili: limekataliwa.

Hapo ndipo nilipompata wakili wa Dallas, mwanamke mmoja mwembamba asiyependa kupoteza maneno, aliyekubali kutuchukua kwa bei ya huruma. Alinieleza kwa Kiingereza cha polepole, nami naeleza hapa kama nilivyoelewa. Texas ndiyo iliyomfunga ndugu yako. Lakini mfungwa wa jimbo anaweza kumwendea jaji wa shirikisho, wa nchi nzima, amwambie: waite hawa walionifunga, wakwambie wananishikilia kwa haki gani. Ombi hilo wanaliita habeas corpus. Unapewa mwaka mmoja kulipeleka, na saa husimama wakati jimbo linashughulikia ombi lako, kisha huanza tena kwenda. Yetu ilikuwa ikienda.

"Basi jaji atamsikiliza upya," nikasema.

"Hapana. Hatamsikiliza upya." Alinisahihisha kwa upole. Jaji wa shirikisho haulizi kama ndugu yangu aliua au hakuua. Anauliza kama mahakama ya jimbo ilikosea kosa la wazi, kosa ambalo hakuna jaji mwenye akili timamu angelitetea. Na ili ajue hilo, anafungua faili lile lile waliloliona wao. Kisichokuwamo humo, kwake ni kama hakipo.

Alikuwa amelisoma faili. Alivua miwani. "Nimeona video. Nimeona hoja ya desturi, ndugu yako ameiandika vizuri. Mjane yuko wapi?"

Nilimweleza. Nilieleza mambo ya matanga, mambo ya haifai, nikajisikia najieleza kama mjinga ingawa si mimi niliyekataa. Hakunicheka. Aliangalia dirishani kwenye yale maghorofa ya Dallas. Mpaka siku ile nilikuwa na hasira, na hasira ina nguvu yake, inakuamsha asubuhi. Pale kwenye kiti kile hasira iliniacha, ikaja hofu, na hofu haikunitoka tena.

"Mlete hata hivyo," akasema. "Nitapigana aingizwe. Lakini nisikudanganye."

Nikaenda Gulfton. Sikumwambia mama. Mjane bado alikuwa kwenye fleti ile ile, juu ya ngazi zile zile za chuma, kwa maana kuhama kunataka pesa. Nilipanda nimeshika chuma kwa mikono miwili. Alinifungulia akiwa na sare ya ghala analofanyia kazi, akanitazama, akanijua. Nilianza salamu zangu ndefu za kuogopa, habari za watoto, habari za kazi, mpaka akanikatiza.

"Mama, sema kitu kilikuleta."

Nikasema. Nilisema nikitazama zulia. Nilipomaliza nikadhani atanifukuza, na nilikuwa nimeshajiandaa kuinuka.

"Sasa," akasema polepole, "mbona hamukuniuliza?"

Niliendelea kutazama zulia.

"Mi nilikuwa pale korti siku yote. Nilikuwa nangoja mutu aniulize. Alikuyaka na muchele, tukaukula. Mutu mwenye aliniuliya bwana, ningekula muchele yake?" Sauti ikampanda. "Nilizani munaniogopa. Nilizani labda ni kweli alimusukuma, njo maana munanikimbia!"

Lo! Niliketi pale sina mbele wala nyuma. Kumbe kimya chetu, kile tulichokiita heshima, yeye kwake kilimtia shaka miaka yote hiyo. Wakili alipokuja Gulfton, mjane aliandika yote mbele yake, akaapa, akatia sahihi, kisha akanisindikiza mpaka garini akiwa amenishika mkono.

Ombi likaenda kwa jaji wa shirikisho kule Houston, na maneno ya mjane yakiwa yameambatishwa. Halafu tukangoja. Kesi hizi haziitwi, msomaji wangu. Hakuna siku ya kuvaa nguo nzuri ukaenda kukaa mahakamani. Mtu mmoja usiyemjua anasoma karatasi kwenye chumba usichokijua, na wewe unaendelea kuosha wazee.

Mawakili wa jimbo walijibu. Walisema maneno ya mjane jaji haruhusiwi kuyatazama, kwa kuwa mahakama ya jimbo haikuyaona. Hawakusema kuwa mjane ni mwongo. Wakili wangu aliniambia hilo kama faraja, nami ndilo lililonitisha zaidi. Mwongo unaweza kumbishia. Mtu asemaye "kweli, lakini umechelewa" utambishia nini?

Nikawa mtu wa ajabu. Kule Plano bibi mmoja ninayemtunza aliteleza bafuni, nikamdaka mabegani, akakaa chini taratibu bila kuumia. Ulimi wangu ulitaka kumwomba radhi, kama ningemwomba bibi yangu mzaa mama, na neno likakwama. Niliangalia juu kwenye dari nikitafuta kamera. Bibi akanishika shavu, akaniuliza mbona nalia. Ramadhani ilipokaribia, zikaanza zile jumbe za simu, za Mombasa, za Zanzibar, za hapa Irving: tusameheane kabla ya mwezi mtukufu. Nilizifuta zote bila kujibu. Shangazi mmoja akanuna mpaka leo, ati nimekuwa na kiburi cha Marekani. Kiburi! Laiti angejua nilivyokuwa nalala na simu chini ya mto, mdomo nimeubana.

Ndugu yangu kwenye simu ndiye aliyekuwa akinitia moyo. "Mungu si Athumani, dada." Nami nilikuwa nikimjibu tu, "Haya." Hata dua nilikuwa nikiogopa kumwombea kwa sauti, kwa sababu dua zetu nazo zimejaa kuomba msamaha.

Uamuzi ulikuja mchana, nikiwa kwenye maegesho ya kazini nakula wali wangu ndani ya gari. Wakili alipiga mwenyewe, na kwa kuwa alipiga mwenyewe badala ya kuandika, nikajua. Ombi limekataliwa. Jaji ameandika kurasa nyingi, na maneno ya mjane ameyataja katika sentensi moja, kwamba yalikuja baada ya faili la jimbo kufungwa na hivyo mahakama yake haiwezi kuyapima. Amekataa pia kutoa kibali cha kukata rufaa. Imebaki kuiomba mahakama ya juu zaidi ituruhusu kuomba.

"Ituruhusu kuomba," nikarudia. Nilikuwa nimeshika kijiko.

"Nitajaribu," akasema. "Lakini mlango ni mwembamba."

Nilimwambia mama jioni ile ameketi kwenye mswala. Hakulia. Aliuliza kama kuna kitu tungeweza kufanya, nami nikaapa kimoyomoyo kutomjibu, nikajibu. Nikamwambia mjane angetiwa kwenye ombi kule mwanzo, labda. Nilisema labda, wallahi nilisema labda. Mama akainama, akaanza kuvuta uradi kwa vidole vyake, na kwa wiki nzima hakutia neno. Simu ya jela ilipolia alinipa mimi. Nilikuwa nimemkataza neno moja, na sasa hakuwa na lolote la kumwambia mwanawe.

Mjane nilimpa habari kwa simu, kwa kifupi. Alisema asante, akakata.

Jumamosi iliyofuata mlango ulibishwa. Nilifungua nikamwona amesimama kwenye korido yetu ya Irving, amejifunga kitenge kipya, uso umechoka kwa safari ya basi kutoka Houston. Miguuni pake kulikuwa na mfuko wa mchele na mkebe wa samli. Nilisema karibu. Sebuleni walikuwepo majirani wawili waliokuja kumjulia hali mama, na binti yangu kwenye kochi.

Yeye na mama hawakuwa wamewahi kuonana uso kwa uso, isipokuwa migongo ya mahakamani. Mjane alivua viatu, akavuka zulia, akapiga magoti mbele ya mama yangu. Akamshika mkono.

"Mama, munisamehe," akasema. "Munisamehe. Nilikuwa pale, sikusema."

Mama alimwinamia. Akamshika kichwa, akakilaza mapajani pake, na lile neno nililomfungia likamtoka lote kwa mpigo mmoja: nisamehe nawe, mwanangu, nisamehe, tuwiane radhi, nimwie radhi na yule aliye mbali. Walilia wote wawili kwa sauti. Kisha mama akainua uso, akaniambia, "Teleka sufuria. Mchele huu utaliwa leo."

Nilikwenda kuinua ule mfuko. Ilikuwa saa ya kulia na mimi, au ya kwenda kuwakumbatia. Lakini nilipoinama nilijikuta nazungusha macho sebule nzima, jirani mmoja, jirani wa pili, binti yangu kwenye kochi, nikitazama mikono yao, nione nani ameshika simu.